Kikombe cha Baba

Fundi akimwagia simiti maji, harufu yake hunirudisha Nakuru, kwenye shamba la mzungu. Mama alikuwa akiokota sahani zilizovunjika jikoni kwa mzungu, nami nikiponda vile vigae kwa jiwe hadi viwe unga. Yeye aliuchanganya na chokaa ili itoshe kujengea ukuta wetu wa mawe.

Baba alikuwa amebebwa na lori la askari, akapelekwa kizuizini. Siku moja karani wa shamba, mkononi ana barua iliyotoka huko kizuizini, alimwita mama kando. Aliporudi, aliniwekea mbele kikombe cha kauri cha baba.

"Mama, hiki hakijavunjika."

"Ponda tu, mwanangu. Ukuta haujaisha."

Nilikiponda polepole, nikakiacha kishikio hadi mwisho, ili baba akitokea akute hata pa kushika.