Picha Niliyoweka WhatsApp Ndiyo Iliyomrudisha Nura Kutoka Japani

Admin, asante kwa kunifichia jina. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, ingawa magoti yangu yanadai sitini. Natoka Voi, na huu ni mwaka wa saba niko Saudia nikifanya kazi za nyumbani kwa familia moja. Tulianza Riyadh, kisha baba wa nyumba akapata kazi bandarini Jeddah, tukahama sote, mimi na sufuria zangu. Wengi hapa hueleza mabaya waliyotendewa na mabosi. Leo mimi nimekuja kueleza baya nililotenda mwenyewe, kwa hiyo wenye mawe yaokoteni mapema.

Nilipofika, binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili. Majina nimebadilisha, tumwite Nura. Alikula jikoni kwangu kuliko mezani kwao, na Kiswahili alikipatia hapo hapo. Tukiwa wawili huniita mama. Mbele ya wenyewe naitwa jina langu. Mwaka jana akaenda Japani kusoma Kijapani, akakaa chumba kimoja na Rima, binti wa rafiki wa baba yake.

Shule yao ina desturi ya kuwatoa wanafunzi wageni wakaone mila za wenyeji. Mara wafundishwe kunywa chai ya kijani wakiwa wamepiga magoti (nikamwambia huko mimi nisingeinuka tena), mara wapelekwe kwenye hekalu. Mwalimu huwapa karatasi ya maswali wakawaulize watu, na kesho yake kila mmoja husimama darasani kusimulia. Sasa baba yake alikuwa amemruhusu kwenda Japani kwa sharti moja: mahali pa ibada za watu asikanyage. Mara mbili wenzake walikwenda yeye akabaki chumbani, na kesho yake akakaa kimya darasani wenzake wakisimulia.

Akanipigia kuniuliza afanye nini. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza. Nilimwambia, "Nenda, mwanangu. Kutazama si kuabudu. Mimi naamshwa na adhana mwaka wa saba na bado ni mwanakwaya." Akacheka, akaenda.

Akanitumia picha aliyopigwa na Rima. Amevaa kimono ya maua na mtandio wake kichwani, ameshika kamba nene ya kengele mbele ya hekalu, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Akaandika nisimwonyeshe mtu. Nami, kwa akili zangu timamu, nikaifanya picha yangu ya WhatsApp, ili dada zangu wa Voi waone mtoto niliyelea amefika wapi.

Nyumba yetu ina ghorofa tatu, na madam hapazi sauti. Akitaka kahawa hunitumia ujumbe jikoni. Kila siku ananitumia, na siku ile nikasahau kwamba naye huiona picha yangu. Alasiri akafungua simu aandike "gahwa", na kwenye kile kiduara kidogo chenye jina langu akamwona bintiye anavuta kengele ya hekalu.

Alishuka mwenyewe, na jikoni huwa haji. Hakufoka. Aliuliza tu, "Nani amekupa hii?"

Nilifikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa. Nikafikiria ikijulikana kwamba Nura hunipigia mimi kabla ya mama yake. Katika kufikiria huko mdomo ukatangulia. Nikasema, "Rima, madam. Alitaka uione, nikakosa uso wa kukuambia, nikaiweka hapo uione mwenyewe."

Picha niliifuta kabla Nura hajaiona. Lakini uongo ulikuwa umeshapanda ngazi.

Baba alimrudisha Nura wiki ile ile. Msimfikirie vibaya, ni mtu mpole. Kengele haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba kila wiki alimuuliza bintiye alikwenda wapi, naye akajibu kwamba darasa likienda hekaluni yeye hubaki chumbani. Madam naye, bila kutaja simu yangu, akamwambia Nura kwamba aliyemchongea ni Rima. Rima wa watu, aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi asichelewe darasani. Nura akamfungia simu. Yule binti, ambaye huniita khala, yaani mama mdogo, akanipigia mimi akilia, akiuliza, "Khala, nimemkosea nini?" Nikamwambia hasira zitapita. Nilisema hivyo huku nageuza sambusa kwenye mafuta, Mungu anisamehe.

Miezi miwili imepita, na baba amelegea. Juzi alitamka kwamba Nura anaweza kurudi muhula mpya, mradi akae tena na Rima, kwa sababu Rima ndiye mkweli. Nilikuwa namimina kahawa, nusu ikaenda kwenye sinia. Nura akajibu kwamba kama ni Rima, bora asirudi kabisa. Baba naye hana sharti jingine, na shule inataka jibu mwisho wa mwezi.

Siku hizi anashinda jikoni kwangu. Ananimenyea vitunguu apate kisingizio cha kulia. Jana aliweka kisu chini akasema, "Mama, wewe tu ndiye hukuniuza." Nikamwambia vitunguu vimetosha.

Najua mtakachoniambia. Nikisema kweli, atapatana na Rima na kurudi kwenye masomo yake. Tena anaweza kupanda ghorofani kumweleza mama yake, nami nikapanda ndege. Kazi naihitaji, sitawadanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Lakini ndege siiogopi sana, Voi ni kwetu. Ninachoogopa ni ile dakika atakapoinua macho kutoka kwenye vitunguu anitazame.

Leo asubuhi nimeona amebadilisha picha yake ya WhatsApp. Ameniweka mimi, na aproni yangu yenye madoa, nacheka kama mtu mwema.

Ndugu zangu, nimwambie, na nikimwambia nianzie wapi? Nishaurini, hata kwa ukali, nitapokea. Ila msichelewe, mwisho wa mwezi ni Alhamisi.