Mzee Anayetoka Saa Kumi Kumchukua Mtoto Shuleni

Muuza duka wa ng'ambo ya barabara humsimulia kila anayenunua hata kiberiti: yule mzee aliruka ukuta. Aliuruka kama paka, na koti lake, na mwavuli wake.

Mlinzi wa geti akisikia hayo anacheka mpaka anashika kiuno. "Aruke wapi na magoti yale? Nilimfungulia mwenyewe."

Mlinzi huyo ni mama wa makamo. Katika nyumba hii ya kutunzia wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wote wanamwita Bi Funguo.

Siku hiyo ilikuwa ya wageni. Mzee, fundi cherehani mstaafu, alifika getini koti limenyooka, akamshukuru kwa kazi nzuri, akamwambia mgonjwa wake anaendelea vizuri. Bi Funguo akamdhania mgeni, akamtakia safari njema. Walimkuta baadaye mbele ya shule ya msingi, kasimama na wazazi wengine, anamsubiri binti yake. Binti mwenyewe sasa ana watoto wanaonyoa ndevu.

Msimamizi alisema ikitokea tena, mlango wa mzee utatiwa komeo kwa nje. Chumba kile kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta.

"Watasema ametulia," anasema Bi Funguo. "Kumbe amekata tamaa."

Sasa inakaribia saa kumi. Mzee anakuja, mwavuli kwapani. Bi Funguo hamkatazi. Anamwachia mwenzake geti, anamshika mzee mkono, wanaanza safari ya shule humo humo uani: wanapita kamba za nguo, wanazunguka nyuma ya jiko, ambako mpishi ameshaambiwa awasimamishe kwa chai. Siku nyingi chai huisha na shule imeshasahaulika.

Leo mzee anakiacha kikombe kimejaa.

"Binti, unanizungusha. Mtoto wangu atabaki peke yake."

"Ameshafika nyumbani, baba."

"Umemwona wewe?"

Bi Funguo anamrudishia mpishi kikombe. Wanarudi getini polepole, na hapo anatoa simu, anampigia binti wa mzee.

Binti huyo hajaja tangu siku alipoingia chumbani, baba yake akasimama kwa adabu na kumwambia, "Shikamoo, mama." Alitoka analia, hata mkoba akausahau kitandani.

"Dada yangu, sikuahidi kwamba atakujua," Bi Funguo anasema, sauti ameishusha. "Njoo siku moja tu, saa kumi, uingilie hapa getini. Akikuamkia, mwitikie. Halafu mwambie umempitia mtoto shuleni, yuko nyumbani, ameshakula. Sisi wa humu ameacha kutuamini. Wewe mgeni atakusikia. Utakuja?"

Simu haijakatika. Upande wa pili inasikika pikipiki ikipita.

Mzee amesimama mbele ya geti, anafunga kifungo cha mwisho cha koti.