Gunia Chini ya Kitanda

Mke wa kaka yangu tulimwita Mama Ndoo, na jina hilo nililianzisha mimi. Kazi yake ni kuosha trei kwenye kiwanda cha mikate, na siagi huletwa pale kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko inayobana kwelikweli. Wenzake walizitupa. Yeye alizibeba nyumbani, akazisugua kwa sabuni na maji moto, akazianika, halafu akazijaza maharage yaliyochanganywa na majivu, mchele, chumvi, sukari. Kila akipokea mshahara alinunua cha kula na kidogo cha ziada, na hicho cha ziada hakikuguswa mpaka cha zamani kiishe. Katika vyumba vile viwili hukuweza kunyoosha mguu bila kugonga ndoo.

"Wifi, unajiandaa kwa gharika?" nilimtania.

"Cheka tu. Siku ikifika utakuja hapa na bakuli lako. Nitakupa, lakini nitakusema kwanza."

Nilicheka, ila mwenzangu hakuwa na utani. Binti yake alipokuwa mchanga, kiwanda kilifungwa kwa miezi kadhaa, na kaka yangu, fundi baiskeli, akakosa wateja. Njaa ikamkausha mama mtu maziwa. Hofu iliyomwingia wakati ule haikutoka tena. Akisikia redio inataja ukame, hata wa nchi za mbali huko, alianza kuhesabu ndoo zake. Na juu ya kuogopa njaa aliwaogopa watu watakaokuja mlangoni njaa ikiingia. Ndiyo maana dirisha la chumba cha binti, palipo na ndoo nyingi, aliligongelea ubao ili majirani wasichungulie.

Mavuno yaliyopita mahindi yalishuka bei, akanunua gunia zima. Hapo nilimsifu, maana ni akili kununua wakati wa bei nafuu. Lakini ndoo zilikuwa zimejaa, basi gunia likasukumwa chini ya kitanda cha mtoto. Haukupita muda, vumbi la unga likaanza kuonekana sakafuni. Fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walikuwa wameingia.

Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa muuza dawa za kilimo, akaomba vidonge vya kuhifadhia mahindi.

"Una ghala?" muuzaji alimuuliza. "Hivi haviwekwi wanapolala watu. Vinatoa hewa ya sumu."

"Ninalo," akasema.

Angesema nini? Angekiri kwamba chakula kiko ndani ya nyumba, mgeni yule angejua. Wifi yangu aliona heri aseme uongo kuliko siri ya gunia itoke. Akarudi, akapenyeza vidonge katikati ya mahindi, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.

Jumamosi mchana nilipita kuwasalimu. Nilimkuta jikoni anakoroga uji kwa haraka, jasho linamtiririka.

"Mwanangu anatapika tangu asubuhi," alisema. "Kizunguzungu hakimwachi. Njaa hii. Jana hakumaliza chakula."

"Njaa ya wapi, wifi, na nyumba imejaa chakula hivi?"

Niliingia chumbani, nikakutana na harufu ya kitunguu saumu na samaki aliyeoza. Mtoto alikuwa amelala, midomo imegeuka rangi, anahema kama aliyetoka kukimbia. Nikamgeukia mama yake, aliyenifuata mpaka mlangoni.

"Umeweka nini humu?"

Alitupia jicho chini ya kitanda.

"Nakuuliza, umeweka nini!"

"Dawa," alisema, mwiko mkononi. "Ya fukusi. Kidogo tu."

Sikungoja hata kumtukana. Nilimbeba mtoto mpaka uani, nikapiga kelele mpaka kaka akaja mbio kutoka karakana yake. Alimpakia kwenye gari la jirani muuza mkaa, wakaondoka. Wapangaji wengine wakajifunga vitambaa puani, wakang'oa ule ubao wa dirisha, wakatoa gunia, kisha ndoo zote, wakazipanga uani. Mtaa mzima ukasimama kuangalia. Mtu mmoja akaguna, "Kumbe!"

Wifi yangu alikuwa amesimama katikati ya ndoo, amenyoosha mikono kama anayezuia kuku wasitawanyike.

"Nenda kwa mwanao!" nilimfokea.

Alitazama ndoo, akawatazama watu. Nilimchukia kwa kitambo kile kifupi, Mungu anisamehe. Kisha akatimua mbio, miguu mitupu, nami nyuma yake.

Hospitalini mtoto alikuwa amewekewa hewa ya mashine. Daktari alituambia sumu ile haina dawa ya kuiondoa mwilini. Ni kumsaidia apumue na kusubiri. Tukasubiri. Kaka aliegemea ukuta. Mama mtu aliushika unyayo wa binti yake akawa anausugua, anausugua. Kila mara kifua cha mtoto kilipochelewa kupanda, nilisogea karibu zaidi.

Jioni akafumbua macho. Mama yake akainama mpaka pua zikakaribia kugusana. Mtoto akasogeza pembeni kifuniko cha hewa kilichomfunika pua na mdomo.

"Mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nani amebaki na ndoo?"

Wifi yangu aligeuka, akatazama mlango. Mtoto aliona, akaanza kulia, akijitahidi kuinuka kitandani aende akazilinde.