Kigoda Ndani ya Begi

Kwanza ilikuwa sauti. Kitu kizito cha majimaji kilikuwa kinagonga ndani ya kitu chenye tumbo, kinakwenda, kinarudi, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nilikuwa na miaka sita, chini ya blanketi ambalo halikuwa letu, na nilikaa nimefumba macho mpaka nikawa na hakika kwamba nyumbani hakuna sauti kama ile. Nilipofumbua niliona mguu wa bibi yangu, na juu ya goti lake kibuyu kikubwa kikisukwasukwa. Alikuwa anatoa samli kwenye maziwa.

"Umeamka," alisema. "Uji upo."

Babu alikuwa amezikwa majuma mawili kabla. Baba alinileta kwa baiskeli nikiwa nimesinzia, akarudi kwake. Hakuna aliyenieleza nimeletwa kwa nini, maana ni jambo linalojulikana na kila mtu kwetu: mwanamke aliyefiwa halali peke yake katika nyumba, na wanawe wakubwa wana nyumba zao, kwa hiyo hupewa mjukuu. Katika ukoo wetu mjukuu huyo huja na kigoda chake. Anayekaribishwa kiti ni mgeni. Aliyekuja na kigoda amehamia.

Nilikaa kwa bibi miaka saba, mpaka naye akafa.

Haya nayaandika Geita, ninakoishi na mume wangu na watoto wawili: binti wa miaka sita na mvulana ambaye bado nambeba mgongoni. Mume wangu ni Mbelgiji. Kazi yake ni kusoma miamba, na alasiri mgodi unapolipua, vikombe vikatetemeka kabatini, binti yetu husema, "Baba huyo," kama vile kila baruti inawashwa na baba yake. Mwaka jana, mwezi wa tatu, baba mkwe alifariki. Mume wangu alikwenda mazishini peke yake. Ilipofika mwezi wa kumi na moja tukapanga twende sote, watoto wamwone bibi yao wa huko.

Kabla ya safari tulikwenda Songwa kuwaaga wazazi wangu. Baba alitaka kujua jambo moja tu.

"Huyo mama ana ng'ombe wangapi?"

"Walikuwa sitini," mume wangu alijibu. "Wa maziwa. Mzee alipoanza kuumwa wakawauza wote."

"Wote?" Baba alimtazama kwa huruma niliyokuwa sijawahi kuiona akimpa mkwe. Akaondoka kwenda zizini.

Mama alikuwa anapepeta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo hawezi kumruhusu mtu asafiri bila kufungiwa. Mume wangu alikaa mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa kukaa, akaongea huku anaangalia kuku.

"Huko sasa analala na nani?" Mama aliniuliza.

"Peke yake."

"Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Vya kulala vinne."

"Vinne." Aliupiga ungo kwa chini, vumbi likaruka. "Na mtu mmoja."

"Mama," mume wangu aliwaambia kuku, "kule kwetu wazee wanapenda kulala peke yao."

"Nani alikwambia? Wao wenyewe?"

Alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Asubuhi ya kuondoka Mama alitoka ndani na kigoda. Nilikitambua kabla hajanifikia: miguu mitatu, mmoja umechomwa kidogo na moto, kikalio kimechimbika upande wa kushoto kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nakaa. Tangu bibi afe nilidhani kilishakuwa kuni. Mama alikinyoosha kwangu mbele ya binti yangu.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikipokea kwa mikono miwili, na kwetu jibu ndilo hilo.

Binti yangu aliona. Alikuwa anazijua habari za kigoda kile kwa sababu mimi mwenyewe nilimsimulia, mara nyingi, akiwa kitandani. Garini akakipakata mapajani. Tulipita Shinyanga mjini, tukashika njia ya Mwanza, tukavuka ziwa, na taa za Geita zilipoanza kuonekana mume wangu akamtazama binti yetu kwenye kioo cha gari.

"Hatutamwacha," alisema. "Si ndiyo?"

"Unadhani kitaingia kwenye begi?" nikamuuliza.

Kiliingia, baada ya kutoa viatu vyangu vya pili.

Sitaeleza sana safari. Mtoto mdogo alitapika juu ya nchi nisiyoijua. Katika treni watu walikaa kimya kama wako kwenye mtihani, na binti yangu akaniuliza kwa kunong'ona ni nani amekufa. Kijiji cha mama mkwe kina nyumba za matofali mekundu, mashamba bapa kama mbuga za kwetu, ila yamelowa. Bandani kwake, mahali waliposimama ng'ombe sitini, paliegeshwa baiskeli moja.

Alitufungulia mlango akiwa amevaa aproni. Binti yangu alipiga magoti kwenye zulia la mlangoni, akainamisha kichwa, "Shikamoo bibi." Mama mkwe akainama naye, akatazama zulia huku na huku. Alidhani mtoto ameangusha kitu. Wakabaki hivyo, vichwa vyao vinakaribia kugusana, mmoja anasubiri marahaba na mwingine anatafuta kifungo, mpaka mume wangu akacheka. Kisha mama mkwe akasema neno ambalo tulilisikia kila siku kuanzia saa ile.

"Anasema tufunge mlango," mume wangu alitafsiri. "Joto linatoka."

Hilo ndilo lililokuwa shauri kati ya bibi na mjukuu wiki nzima. Kila asubuhi, baada ya chai, binti yangu aliufungua mlango wa mbele ukawa wazi kabisa. Mama mkwe aliufunga. Mtoto akasubiri, akaufungua tena. Songwa mlango uliofungwa mchana una maana mbili tu: wenyewe hawapo, au kuna jambo baya ndani. Alikuwa anamsaidia bibi yake, ili watu wajue yupo na waingie. Hakuna aliyeingia. Upepo uliingia, na siku moja paka wa jirani.

"Joto linatoka," alisema bibi.

"Watapitaje sasa?" alisema mtoto. Ile lugha ya baba yake anaijua vizuri kuliko mimi.

"Akina nani?"

"Watu."

Bibi alitazama barabara. Ilikuwa tupu mpaka kanisani.

Kwa ajili ya watoto alikuwa ametayarisha chumba chenye vitanda viwili na mapazia yenye picha za bata. Asubuhi ya kwanza nilikuta kitanda kimoja kimetandikwa kama kilivyoachwa. Kigoda hakikuwepo. Nilikiona kwenye chumba cha mama mkwe, kando ya kitanda kikubwa, upande wa marehemu, na soksi za binti yangu zikiwa juu yake.

Wakati wa chai mama mkwe alimwambia mwanawe jambo.

"Anasema mtoto anapiga mateke."

"Mwambie amrudishe chumbani kwake."

Mume wangu akauliza, akajibiwa kwa maneno mawili. "Anasema hakusema hivyo."

Siku zikaenda. Michembe tuliipika na karanga. Mama mkwe alionja, akatafuna kwa muda mrefu na kwa adabu, akasema inamkumbusha alichokuwa anawapa ndama. Sikukasirika. Kwa Baba ingekuwa sifa. Alasiri, saa ambayo Geita vikombe hutetemeka, binti yangu alikuwa akiinua uso. "Leo hawalipui?" aliniuliza siku ya kwanza. Siku ya nne hakuuliza tena.

Niliona nisiyotaka kuyaona. Mama mkwe alianza kupanga vikombe viwili mezani kabla ya sisi wengine kuamka. Alimfundisha mtoto kukunja taulo, kumenya tufaha kwa ganda moja refu lisilokatika. Kulikuwa na shule ng'ambo ya kanisa. Siku moja walikwenda mpaka kwenye uzio wakasimama kutazama. Kwa upande wa sheria hapakuwa na kizuizi, mtoto ana pasipoti ya baba yake. Kizuizi kilikuwa sisi, na mimi nilikuwa nimepokea kigoda kwa mikono miwili.

Watu wanaponisikia nikisimulia miaka yangu kwa bibi huniuliza kama niliumia. Sijui. Nakumbuka samli, nakumbuka mgongo wake wa joto. Nakumbuka pia kwamba Mama alipokuja kutuona nilikuwa namwamkia kama mgeni, na yeye anaitika kama mgeni, kisha tunatazamana.

Siku mbili kabla ya kuondoka Mama alipiga simu. Alitaka simu ya video, kwa hiyo niliiegemeza simu kwenye chungu cha maua.

"Mwangaluka," Mama alisalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Mama mkwe akapunga mkono. Wajane na wasio wajane, wanawake wazee hutazamana kwa namna moja. Kila mmoja alikuwa anachungulia nyuma ya mwenzake aone nyumba ilivyo.

"Amenenepa huyu," Mama alisema. "Ulisema ana majonzi."

"Anayo, Mama."

"Na mtoto? Amezoea?"

"Amezoea."

"Wabeja," alisema, yaani asante, kama vile kazi imeshakwisha. "Usilie mbele yake mkiagana. Mimi sikulia."

Usiku huo, na uliofuata, nilitoka chumba cha chini tulikolala, nikapanda ngazi za mbao, nikasimama nje ya chumba cha mama mkwe, nikasikiliza pumzi mbili, nikarudi. Mume wangu alijifanya amelala. Alikuwa amekwisha kusema hatutamwacha, nami nilikuwa bado sijajibu.

Asubuhi ya safari mabegi yalikuwa yamepangwa barazani. Mtoto mdogo nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Binti yangu alikishusha kigoda kutoka ghorofani, akakiweka katikati ya jiko, akakaa. Hakuvaa viatu.

"Njoo uvae," baba yake alimwambia.

"Mimi ni wa bibi," alijibu. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja anapoishi. Akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua.

Mama mkwe aliuliza nini kinaendelea. Mume wangu akaanza kueleza, na safari hii akaeleza yote: kufiwa, mjukuu, kigoda, Mama na ungo wake, miaka yangu saba. Ilichukua muda. Mama mkwe aliivua aproni, akaikunja, akaivaa tena. Halafu akaniuliza swali, mwanawe akalitafsiri akiwa hanitazami.

"Anauliza, miaka hiyo saba, mama yako alikuwaje?"

"Alikuwa na watoto wengine," nikasema.

Wakasemezana.

"Anasema hakuuliza hivyo."

Mtoto mgongoni alikuwa ananivuta hereni. Nilifikiria Mama akikitunza kigoda kile mahali ambapo sikuwahi kukiona, miaka ishirini, asikitie motoni.

Mama mkwe aliongea tena, polepole, na mume wangu alifuata nyuma yake neno kwa neno. "Anasema nyumba hii ngazi zake zinalia. Amekusikia juzi, amekusikia jana. Anasema zawadi ya namna hii hajawahi kupewa na mtu, na hawezi kuichukua."

Akapiga goti moja chini, kwa shida, akishika meza, akaanza kumvalisha binti yangu viatu. Mtoto hakumzuia. Alikuwa anautazama utosi wa bibi yake.

"Sasa upande wa babu atalala nani?" aliuliza.

"Nitaweka magazeti."

"Magazeti hayapigi mateke."

"Ndiyo sababu nitalala vizuri," alisema mama mkwe, akafunga kamba mara mbili. Kisha akagusa kigoda. "Hiki kinabaki. Chenyewe nakichukua."

Binti yangu alisimama. Alikifikiria kile kigoda kwa muda, akakisogeza kwa mguu mpaka kikawa karibu na hita, akamwonyesha bibi mahali pa kukaa, upande wa kushoto, palipochimbika. Mama mkwe akakaa. Magoti yalimfika kifuani. Alionekana kama mtu anayesubiri kukamua.

Kwetu tungesindikizwa mpaka barabarani, na barabarani tungesimama kuongea upya. Mama mkwe hakuinuka. Nadhani hakuweza, au kigoda kilikuwa chini mno kwake. Gari la jirani lilikuwa linanguruma nje. Mume wangu alitoka na mabegi mawili, mimi nikatoka na la mkononi na mtoto mgongoni, na kwa kuwa mikono yetu ilijaa tuliuacha mlango wazi. Tulipofika garini nikageuka. Binti yangu hakuwa nyuma yangu.

Alikuwa amerudi. Alisimama kizingitini akitazama ndani, kule jikoni, na mimi sikumwita. Niliamua moyoni kwamba akiingia, nitamwacha aingie.

"Bibi," alisema, kwa lugha ya bibi yake. "Joto linatoka."

Akashika kitasa kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akauvuta mlango kutoka nje mpaka ukafungika kwa mlio.