Siku Loreta Alipokata Wavu

Loreta Di Biase alikuwa na miaka thelathini na tisa alipoacha kazi ya kufunga tambi kiwandani akaenda kuishi kwa kutegemea trabocco ya marehemu baba yake. Lilikuwa jukwaa la miti lililosimama baharini kwa miguu myembamba, likiunganishwa na ufuko kwa daraja la mbao, na mbele yake mikono mirefu ya kuning'iniza wavu mkubwa. Tangu baba huyo, mzee Vitale, azikwe lilikuwa limebaki bila mwenyewe. Kaka zake Loreta walikuwa Ujerumani na hawakulitaka. Dada yake mkubwa, Assunta, mwenye duka la dawa mjini, alitaka liuzwe kabla halijazama. Wavuvi nao walisema mwanamke hawezi kuzungusha gurudumu la kuvutia wavu hata akila mkate wa siku tatu kwa mkupuo mmoja.

Hakubishana nao. Alibadilisha magogo yaliyooza, akayafunga kwa waya hadi viganja vikapasuka, na wavu akauzungusha mwenyewe. Samaki walikuwa haba, kwa hiyo akaweka meza nne na kuanza kupika: samaki wa siku hiyo ndani ya chungu, nyanya, pilipili hoho, na mkate wa kuchoma wa kufutia mchuzi. Miaka hiyo watalii hawakuijua sana pwani ile ya Abruzzo. Walipita na treni kuelekea fukwe zenye miavuli iliyopangwa kama askari gwaride, wakachungulia dirishani mara moja, kisha wakarudia magazeti yao. Lakini reli ilipohamishiwa mbali na bahari, na njia yake ya zamani ikawa ya baiskeli, watu walianza kusimama. Walikuja na njaa na jasho, wakala, wakarudi nyumbani kuwaambia ndugu zao.

Jambo moja Loreta hakumwambia mtu. Aliuogopa upepo wa kaskazini mashariki. Watu walisema mzee Vitale aliunusa ukiwa bado ng'ambo ya bahari. Yeye hakunusa chochote. Alitazama utabiri kwenye simu kama kila mtu, na kwa miaka kumi na moja alitabasamu mbele ya wageni huku akitupia jicho upeo wa bahari.

Jumamosi moja ya Septemba utabiri ulisema upepo ungekuja jioni. Ulikuja saa saba mchana. Mezani kulikuwa na watu kumi na mmoja: familia ya watu wanne kutoka Torino, walimu wastaafu watano wa Perugia, na mzee Ottavio na mkewe, waliokuja kuadhimisha miaka hamsini ya ndoa. Loreta alikuwa bado anawaambia waache sahani na watoke, wimbi likaja likang'oa katikati ya daraja. Mbao zikaelea zikigongana, na hapakuwa tena na njia ya kutoka.

Kisha jukwaa likaanza kulia. Wavu uliokuwa umening'inia juu ulijaa upepo kama tanga, ukaivuta ile mikono, na mikono ikalivuta jukwaa zima kuelekea baharini. Glasi ziliteleza mezani zikaanguka moja baada ya nyingine.

Mzee Ottavio alikuwa amemkumbatia mkewe kwa mkono mmoja na kushika nguzo kwa mwingine. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Binti yangu, hiki kitu chako kitasimama?"

"Kikipunguziwa mzigo, kitasimama."

"Basi kipunguzie."

Kuushusha wavu kusingesaidia, maana mawimbi yangeushika na kuvuta zaidi. Ilibidi ukatwe. Baba yake aliusuka kwa majira mawili ya baridi, ameketi karibu na jiko, na Loreta akiwa msichana ndiye aliyekuwa akimshikia uzi. Alichukua kisu alichokuwa akipasulia samaki. Akamwita Mirella, mwalimu mnene aliyekuwa amewachekesha wenzake tangu walipofika, akamwambia amshike mkanda na asimwachie hata akimtukana.

"Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano," Mirella alisema. "Hakuna aliyewahi kunitoroka."

Loreta alitambaa hadi ukingoni, palipofungwa kamba nne za wavu. Kamba ya kwanza ilikatika upesi, ya pili ikamchubua shavu. Ya tatu ilikuwa imelowa na ngumu, akaikata kwa kisu huku ameuma meno. Ya nne ilikatika yenyewe kwa uzito. Wavu ukapaa juu ya maji, ukageuka, ukaangukia mbali.

Jukwaa likainuka. Kilio cha miti kikakoma. Bado liliyumba, lakini kwa namna aliyoijua tangu utotoni, na Loreta akakaa chini pale pale. Alihesabu wageni mara tatu. Wote walikuwapo. Chungu nacho kilikuwa kimesalimika, basi wakala mchuzi kutoka kwenye vikombe vya kahawa huku wakisubiri, na hakuna aliyekumbuka kuuliza chumvi.

Saa kumi upepo ulilegea. Wazima moto waliweka ngazi juu ya pengo la daraja na kuwavusha wageni mmoja mmoja kwa kamba. Mgeni wa mwisho alipofika ufukoni, mtu mmoja alivuka kuelekea jukwaani. Alikuwa Assunta, amevaa koti jeupe la dukani lililolowa chapachapa. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba.

"Umekata wavu wa baba," alisema.

"Nimeukata."

"Ungechelewa ningekuua kwa mkono wangu."

Loreta akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na ndipo akasema yote: kwamba hawezi kuunusa upepo, kwamba ameogopa miaka yote kumi na moja, kwamba hakustahili kurithi.

Assunta alimfuta damu shavuni kwa mkono wa koti. "Wewe unafikiri baba alikuwa hodari? Kila bahari ilipochafuka alishinda dukani kwangu akidai dawa ya kikohozi. Hakuwa na kikohozi. Aliniapisha nisiseme."

"Muongo wewe."

"Nina chupa arobaini alizonunua na kuziacha kabatini. Njoo uone."

Loreta alilala kwenye kochi la dada yake nyuma ya duka kabla ya magharibi, viatu miguuni, akikoroma, na Assunta akawaambia wateja wapunguze sauti.

Daraja lilimalizika Aprili. Wavu mpya ni mdogo, wa kununua, na unafunguliwa wote kwa dakika tatu. Wageni wa kwanza kupiga simu kuomba meza walikuwa wale walimu wa Perugia, nao safari hii walikuwa tisa.