Choo Kilichopigiwa Kura

Ukitaka kujua mtu anawaza nini, usimtazame usoni. Simama nyuma ya kichwa chake, mshike nywele, mwache ashike simu. Hivyo ndivyo Bi Kitana alivyowajua watu. Alikuwa msusi, na kwa miaka mingi alisimama nyuma ya kiti kimoja mbele ya kioo kimoja, mteja kainamisha shingo, simu yake iko wazi chini kama dirisha lisilo na pazia. Bi Kitana alisoma ya wachumba, ya mawifi na ya waganga. Hakumsimulia mtu. Aliguna tu, na wateja walidhani anagunia ugumu wa nywele.

Mwaka ule benki moja ilitangaza kwamba ingetoa ruzuku kwa kikundi kimoja cha hisani, na wananchi wenyewe ndio wangechagua. Unafungua ukurasa, unaziona picha za vikundi, unabonyeza moyo mwekundu chini ya kile unachoona kinastahili. Simu moja, kura moja. Chenye mioyo mingi kitachukua ruzuku, vilivyobaki vitachukua pole.

Basi saluni ikageuka kituo cha kupigia kura, na Bi Kitana akaona kwa macho yake jinsi binadamu anavyopima shida ya mwenzake. Muuza vitambaa aliipita mbio picha ya zahanati ya wajawazito, akaja kutua kwenye kikundi kinachookota mbwa wa mitaani.

"Tazama macho yake," alisema. "Kama anataka kusema."

Mbwa akapata moyo. Karani wa mahakama, mwanamke aliyeshinda akipima ushahidi, alikipigia kura kikundi cha kwanza kwenye ukurasa kwa sababu kilikuwa cha kwanza. Binti mmoja aliyekuja kusukwa kwa harusi ya dada yake alimpa shemeji yake, ambaye kikundi chake kilikuwa bado hakijaanza kazi, ila nembo ilikuwa nzuri.

"Na hiki je?" Bi Kitana aliuliza, akionyesha kwa ncha ya kitana.

Binti akacheka mpaka mstari ukapinda. "Mama, nani apigie kura choo?"

Kweli kilikuwa choo. Nyumba ya wazee iliyokuwa mwisho wa mtaa iliendeshwa na nesi mstaafu, naye Nesi alikuwa na sheria moja: hakuna kuwapiga wazee picha kuwatangaza, si samaki wa mnadani. Kwa hiyo alipiga picha kile kilichowatesa: choo cha shimo upande wa pili wa ua, baada ya mteremko wa matope, mlango umefungwa kwa waya. Chini yake akaandika, "Tunahitaji choo cha ndani." Maneno manne, yote ya kweli. Hayakumliza mtu, na asiyelia habonyezi.

Katika nyumba ile aliishi shangazi yake Bi Kitana, aliyemlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha kushika kitana. Masika yaliyopita, shangazi aliteleza kwenye mteremko ule akavunjika nyonga. Alipona akiburuza mguu, akishikilia fremu ya chuma, na daktari akasema wazi kwamba akianguka tena hainuki. Kumhamishia kwa Bi Kitana hakukuwezekana. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba kama za kupandia dari. Na mawingu yalishaanza kukusanyika.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, naye aliitika. Kikundi chake kiligawa madaftari na sare kwa watoto, na hakuna daftari lililotoka mkononi mwake bila kamera kushuhudia. Alipenda rasta nyembamba, kazi ya kutwa nzima, na kutwa nzima aliendesha hisani yake kwa ujumbe wa sauti.

"Yule mdogo mpigeni picha akiwa peku," alikuwa akisema siku hiyo. "Amevaa viatu? Mvueni basi. Atavaa baadaye."

Bi Kitana akavuta.

"Unaniumiza, dada."

"Pole. Kuna fundo."

Hapakuwa na fundo. Alimdharau mwanamke yule kama mtu anavyokidharau chakula kilichochacha, bila hasira, kwa pua tu. Lakini Mkurugenzi alikuwa wa pili kwenye ukurasa, na Nesi alikuwa wa mwisho.

"Mbwa wananishinda, dada," Mkurugenzi alilalamika. "Watoto watu wamewazoea. Kila kikundi kina watoto. Ningepata mzee mmoja, mwenye sura."

"Wazee wapo hapo mwisho wa mtaa. Wanaomba choo."

"Wale wa choo?" Akacheka. "Nani kawashauri?"

"Shangazi yangu yuko pale. Ameshavunjika akikifuata."

Mkurugenzi akageuza kichwa kwa kasi, rasta ikamponyoka Bi Kitana vidoleni. "Una shangazi pale?" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. "Sikiliza. Nesi ajitoe, aingie kwangu. Choo nitajenga mimi, cha ndani, cha vigae. Nitaandika kwenye ukurasa watu wote waone, siwezi kukikimbia. Wewe nipe sura tu."

Mate aliyotaka kuyatema, Bi Kitana aliyameza.

Nesi alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. "Sheria yangu inawalinda wasioweza kukataa," alisema. "Shangazi yako anakataa vizuri kuliko wote humu. Kamuulize mwenyewe."

Shangazi alikubali kabla swali halijaisha. Ila hapo ndipo Bi Kitana alipoharibu. Msusi akikaa nyuma ya kichwa kilichotimka, mikono haimwulizi. Alikuja kupiga picha, akajikuta anachana, anagawa, anasuka mistari ya kurudi nyuma, anapaka mafuta na kufuta masikio kwa ncha ya khanga. Alipoinua simu, shangazi alikuwa amekaa wima, kidevu juu, kama anayesubiri kusalimiwa.

Jibu la Mkurugenzi lilikuja upesi. "Dada, huyu ni mama wa bwana harusi. Nani atamhurumia?"

Kesho yake akaja mwenyewe na mpiga picha. Akamzunguka shangazi, akaondoa mto mgongoni mwake, akasogeza fremu ya chuma ionekane.

"Na nywele zifumuliwe," alisema. "Kidogo tu. Shangazi, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mwanangu," shangazi alimjibu, "mimi nikiinama tena ndiyo basi. Sema kingine."

Mpiga picha akageuka ukutani kuficha kicheko. Bi Kitana akawa amesimama, kitana mkononi, mkono umemshuka.

"Sifumui," alisema. "Nimesuka jana."

"Dada, mbwa wanaongeza kura sasa hivi tunavyoongea."

"Waongeze."

"We mtoto," shangazi akasema, na sauti hiyo Bi Kitana hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Nifumue. Nywele zitasukwa tena, nyonga haisukwi. Unaona haya kwa ajili ya nani? Hawa wanaobonyeza? Nikiwa nimesukwa hawanijui, nikitimka hawanijui. Nifumue, nataka kwenda chooni."

Akamfumua, mstari mmoja baada ya mwingine, polepole, na mikono iliyozoea kujenga ilikuwa mizito kubomoa. Mkurugenzi akaja kuzitimua zaidi kwa vidole vyake. Kamera ikalia. Shangazi aliitazama kama anavyotazamwa mlevi anayepita.

Picha iliwaliza watu kama ilivyokusudiwa. Muuza vitambaa alijifuta machozi palepale kitini, simu ya mumewe mkononi, akasahau kabisa mbwa aliyetaka kusema. Wengine hawakuhitaji hata machozi. Bi Kitana alishika vichwa vyao na kuwaambia, "Bonyeza hapo," nao wakabonyeza, na hakuna aliyeuliza choo kitajengwa upande gani. Mkurugenzi akashinda.

Choo kikajengwa, maana ahadi ilikuwa ukurasani na Nesi alikuwa hodari wa kupiga simu asubuhi. Kilikuwa hatua chache kutoka kitandani, na vyuma vya kushikia ukutani. Siku ya uzinduzi uani palipigwa turubai, viti vikapangwa, na mlangoni pa choo ukafungwa utepe. Shangazi alisukwa upya, maana safari hii ilitakiwa picha ya heri.

"Shangazi, simama hapo mlangoni," Mkurugenzi alisema.

"Nisimame kama naingia au kama natoka?"

Watu wakaangua kicheko. Utepe ukakatwa. Shangazi akasukuma fremu yake, akaingia, akafunga komeo. Mpiga picha akabaki ameinua kamera mbele ya mbao.

"Shangazi atoke basi, tupige," Mkurugenzi alimnong'oneza Bi Kitana. "Mgeni rasmi ana safari."

Bi Kitana akagonga. "Shangazi, wanakusubiri."

"Waambie nimepewa choo. Sijapewa haraka."

Ndipo mvua iliyokuwa imejishikilia tangu asubuhi ikaachia. Turubai likajaa maji tumboni, likashuka upande mmoja. Mgeni rasmi akakimbilia gari, Mkurugenzi akafunika nywele zake kwa bango lenye uso wa shangazi, na wapigakura wakatawanyika wakipandisha nguo. Uani, mteremko ukawa matope kama ulivyokuwa siku zote. Bi Kitana akabaki ndani, ameegemea ukuta kando ya ule mlango.

"Kuna mvua huko?" shangazi akauliza.

"Ipo, shangazi. Kubwa."

"Acha inyeshe."