Nondo wa Uani kwa Bibi

Kamera yangu ya kwanza niliipata kwa kufundisha Kiswahili. Mwanafunzi wangu alikuwa mama mmoja wa Kizungu aliyeletwa Lindi, miaka michache baada ya Uhuru, kuchunguza wadudu wanaoharibu mikorosho. Kiswahili chake hakikunyooka mpaka anaondoka, kwa hiyo sina la kujisifia hapo. Siku ya kufunga mizigo alinipa kamera, akanionyesha namna ya kuweka filamu, akanikataza kugusa kioo kwa vidole. Akanifundisha na jambo jingine: ukitaka kuwaona nondo usihangaike kuwafuata. Giza likiingia, tundika shuka jeupe nje, weka taa kali nyuma yake, kaa utulie. Watakuja wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nasomesha shule ya msingi upande wa Rutamba, naishi na bibi yangu mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni. Uani palikuwa na mndimu, mipapai, migomba pale panapomwagwa maji ya vyombo, na nyuma yake mikorosho mpaka bondeni. Sikuwahi kuiita bustani. Bibi naye angenicheka, maana kwake bustani ni mahali pa mchicha. Lakini vipepeo walikuwepo wa kumwaga, na mimi nilikuwa na kamera, sina mume, sina redio.

Msimu wa korosho ndio uliokuwa mzuri. Mabibo yalianguka yakaoza chini, yakachacha, na vipepeo wakubwa wa kahawia wakayashukia wakafyonza mpaka wakashindwa kuruka. Ungeweza kumsogelea mmoja hadi pua imguse. Bibi alikuwa akikaa kizingitini na mguu wake mbovu kaunyoosha, anatazama mjukuu wake kalala kifudifudi kwenye mabibo.

"Walevi hao," alisema, "kama walevi wengine tu, kasoro wao hawatukani."

Filamu nilinunua Lindi mjini, na huko huko nikazipeleka kusafishwa. Mwenye duka la picha alizoea kupokea maharusi na watoto waliopakwa poda. Alipozitazama zangu aliniuliza, "Mwalimu, huko kwenu watu wamekwisha?" Nilimwambia asafishe picha, asisafishe maisha yangu. Lakini moyoni nilikuwa na uchungu wangu, maana filamu zenyewe zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Kipepeo wa manjano anayekuchoma macho alirudi wa rangi ya jivu. Bibi aliigeuza picha nyuma, akatazama huko pia.

"Rangi yake umeiacha wapi?" akauliza.

Mara nyingine nilimpiga picha kiwavi wa kwenye mndimu, yule mdogo mwenye mabaka, ambaye usipomjua utadhani ni mavi ya ndege. Nilijivunia sana picha ile, mabaka yote yalionekana. Bibi aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Yaani umepanda gari mpaka Lindi na mavi ya ndege?"

Nilinuna siku mbili.

Ikaja habari ya kuhamia kijijini. Watu wa mteremko wetu tulitakiwa kwenda ng'ambo ya bonde, kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, shule na zahanati karibu. Wengine walikwenda kwa furaha, wengine kwa kusukumwa, wengi walikwenda kwa sababu jirani amekwenda. Sitaki kulieleza sana, kila mtu wa umri wangu ana hadithi yake ya kuhama. Ya kwetu ilihusu mlango.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mimi nikimwita bibi mdogo. Nyumba zao zilitazamana, uwanja mmoja, kisima kimoja, chumvi wakiazimana tangu hawajaolewa. Tangazo lilipotoka, bibi mdogo hakungoja hata wiki. Asubuhi tulisikia nyundo. Alikuwa anang'olewa mlango wake, mlango wa mninga wenye bawaba za chuma, aende nao kijijini. Bibi alitoka akiegemea fimbo yake.

"Unaondoka hata hujaniambia?"

"Ningekuambia ungenizuia," akajibu mdogo wake.

Ni kweli angemzuia. Lakini bibi alikuwa na hasira za haraka, nami nimezirithi, najua zinavyokuja. Akamwambia mbele za watu, "Haya nenda. Na nikifa usije kunizika."

"Siji," bibi mdogo akasema. "Hata ukiniita siji."

Mlango ukabebwa, yeye akafuata nyuma. Wiki chache baadaye mteremko mzima ulikuwa mahame, mimea ikaanza kuota ndani ya nyumba za watu. Bibi alibaki kwa ajili ya mguu. Viongozi walimruhusu akae mpaka apone, na mguu ule ulikuwa na akili: balozi wa nyumba kumi akionekana tu bondeni, unaanza kuvimba. Mimi nilibaki kwa ajili ya bibi. Shule ilikuwa imehamia ng'ambo, hivyo kila siku nilivuka bonde na mto wake asubuhi nikarudi jioni.

Hapo ndipo nilipogeuzwa posta. Nikirudi, bibi ataniuliza mvua, ataniuliza bei ya sukari, kisha kama mtu aliyekumbuka kitu kisicho na maana: "Na yule mwenye mlango, hajambo?" Nikienda, nikipita mbele ya nyumba ya bibi mdogo, nampa shikamoo, ananiitikia marahaba huku anapepeta, hainui kichwa: "Na huyo mwenye mguu, bado yupo?" Nilichoka. Sikumwambia yeyote alichouliza mwenzake. Niliona kama wanataka kujuana hali, mmoja ana miguu yote miwili, na avuke.

Sikuelewa uzito wa maswali hayo mpaka siku niliyokuwa namkanda bibi mguu kwa maji ya moto. Akasema, "Tuliahidiana tukiwa wasichana. Atakayetangulia ataoshwa na mwenzie, ndiye atakayemshika kichwa." Nikamwambia wanawake wa kuosha wapo wengi kijijini. Alinitazama kama nimemtukana. "Wapo. Lakini mimi nilimwambia asije, na yule akisema haji, haji. Namjua. Nitashikwa kichwa na watu baki." Aliogopa. Sikuwahi kumwona bibi akiogopa kitu, wala simba, wala askari wa kodi wa zamani, lakini hilo alilihofia kwelikweli, na hakuwa tayari kutuma mtu kuomba radhi. Nikasema nitakwenda mimi. Akaapa kwamba nikienda asinione tena.

Basi, nondo.

Shule ilikuwa na karabai ya darasa la ngumbaru, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wazima jioni. Siku moja darasa halikukaa, watu wote walikuwa kwenye palizi. Nikaona karabai imekaa bure, mafuta yamo, nikakumbuka maneno ya yule mama wa Kizungu. Nikaibeba nikavuka nayo bonde. Nilisali magharibi, na mtandio wangu mweupe ukabaki kichwani. Bibi alikuwa amejilaza ndani. Nikafunga kamba kutoka kwenye mpapai hadi nguzo ya jiko, nikatundika shuka, nikapiga pampu karabai, nikaiweka nyuma, kamera nikaiegemeza juu ya kinu kilichopinduliwa.

Walikuja kweli. Kwanza vile vidogo vya rangi ya unga, vikajaa chini ya shuka. Kisha wa kijani, mwembamba, mabawa kayalaza. Kisha mmoja mkubwa karibu na kiganja changu, ana duara mbili mgongoni kama macho yanayokutazama. Nikainama kumtafuta vizuri kwenye kioo, nikainuka kusogeza taa, nikainama tena. Nilikuwa na raha, nasema kweli.

Ambalo halikunijia akilini ni hili. Kwetu karabai haiwashwi nje bila sababu. Inawashwa kwa harusi, kwa maulidi au kwa msiba, na harusi na maulidi watu wanaalikwa. Na uwanja wetu ulionekana wazi kutoka ng'ambo, giza kila siku, mahame. Sasa watu wanatoka nje baada ya kula, wanaona karabai kwenye nyumba ya kikongwe mgonjwa, shuka jeupe limetundikwa, na kwenye shuka kivuli cha mwanamke aliyejifunika, anainama, anainuka, anainama. Nani angehitaji kuambiwa? Maiti anaoshwa.

Mimi nilisikia kilio kikitokea kijijini. Nikasema inna lillahi, nikaenda mlangoni.

"Bibi, ng'ambo kuna msiba."

"Nani?"

"Sijui. Watu wanalia."

"Masikini," bibi akasema. "Kesho uniwakilishe."

Kile kilio kikashuka bondeni, kikapanda kwetu. Hata nilipoanza kushangaa, bibi mdogo alikwisha fika uani. Hana viatu, kanga moja imebaki njiani. "Mnamwosha bila mimi!" alipiga kelele. "Dada yangu mnamwosha bila mimi!" Akalivuta shuka likakatika kamba, na wale nondo wote wakaruka usoni kwake. Nikamshika, akanisukuma nikaangukia mgomba. Alitafuta kitanda cha kuoshea, akaona kinu na kamera.

"Mmemweka wapi?"

"Bibi mdogo, ngoja..."

Hakungoja. Alikaa chini, pale pale penye matope ya maji ya vyombo, akalia kilio ambacho sijakisikia tena. "Dada, kila Ijumaa nilikuja mpaka mtoni. Nilifika mtoni nikaona haya, nikarudi. Kila Ijumaa, dada. Leo ndiyo nimevuka." Alirudia hayo hayo. Nyuma yake watu wakaanza kufika, wanaume na mikeka, wanawake na kuni kichwani na unga, kama inavyotakiwa, na wengine wakinisuta kwamba mwalimu mzima namwosha mtu kimyakimya kama mwizi.

Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Nani huyo anayelia vibaya hivyo?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa anatandika mkeka aliuacha akaondoka mbio, na mkeka wake alikuja kuuchukua siku ya tatu.

"Kama ni yule mwenye mlango," bibi akaendelea, "mwambieni aje alilie huku ndani. Huko nje simsikii vizuri."

Watu wengine walicheka, wengine walinigeukia mimi. Mwalimu, unatania na kifo? Nikasema ni nondo, nawapiga picha nondo. "Nondo wa nini?" Mama mmoja akajitwika tena kuni zake, akasema kuni za msiba hazichomi wadudu. Nami nikapandwa na hasira nikauliza nani aliwaita. Loo, nilitukanwa siku ile, mimi, cheti changu na ukoo wangu, na ukoo wenyewe nusu yake ndio walikuwa wananitukana.

Bibi mdogo hakushiriki. Alisimama mlangoni kwa dada yake, haingii, hatoki, matope mpaka magotini. Bibi alikuwa ameketi kitandani.

"Ulisema huji."

"Na wewe ulisema nisije."

"Sasa mbona umekuja?"

"Sasa mbona hujafa?"

Bibi alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mdogo wake akaingia kumpiga mgongo. Nikawafungia mlango, nikaenda kuzima karabai ya serikali kabla mafuta hayajaisha. Asubuhi mguu ulikuwa umepona. Wiki ile ile bibi alivuka bonde amekaa kwenye machela, akiwaamrisha wachukuzi, akaenda kuishi chumba kimoja na mdogo wake. Waligombana kila siku kuhusu chumvi.

Filamu iliposafishwa alitoka nondo mmoja tu, yule mwenye macho mgongoni. Wengine wote ni ukungu. Kijijini hakuna aliyekubali kumtazama.

Bibi aliishi miaka mingine pale, akafa mchana, kwa homa ya muda mfupi. Walimwosha kabla ya alasiri, nami nilikuwa mmoja wa walioshika shuka la kumsitiri. Bibi mdogo alimshika kichwa. Alimwosha uso, masikio, akazifumua nywele zake nyeupe, pole pole, hana hata chozi. Sisi wengine tulishindwa kujizuia. Wanawake wakaanza kutazamana, na mmoja, kwa nia njema, akamnong'oneza kwamba asijikaze sana, alie kidogo apate nafuu.

Alimimina maji mpaka kata ikaisha.

"Mimi nilimlilia yu hai," akasema, "na akanisikia. Lieni ninyi."